Shangazi, Hilo Giza Ndilo Picha

Ukitaka kuuona Kilimanjaro kutoka Sultan Hamud, amka kabla ya jua na uombe vumbi liwe limelala. Mlima uko kusini, zaidi ya kilomita mia moja, ng'ambo ya mpaka, na kwa umbali huo mita zake zote 5,895 zinafichwa na lori moja. Malori nayo, kwenye Barabara ya Mombasa, hayajawahi kuadimika. Jua linapotaka kuchomoza mkono wa kushoto, theluji ndiyo hupata mwanga kwanza, waridi hafifu, huku tambarare ikiwa bado ya samawati. Chai haijapoa, mambo yamekwisha. Niliipata picha hiyo. Taabu ilianza mezani.

Jicho hupokea theluji na kichaka cha migunga kwa pamoja bila kulalamika. Kamera hukulazimisha uchague. Nilipima mwanga kwa theluji, giza la chini nikaliacha la kuvutwa baadaye. Faili ghafi ya biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG ya kawaida ina 256 tu, kwa hiyo gizani huwa kumejificha mengi. Lakini theluji ikishaungua ikawa nyeupe tupu, hakuna mganga wa kuirudisha, hata atoke Kitui.

Programu ilijitolea kunisaidia kwa kitufe chake cha otomatiki. Ikauona uwaridi na usamawati kuwa ugonjwa, ikautibu wote, alfajiri ikawa saa sita mchana. Nikafuta. Nikainua vivuli kidogo, ukingo wa mlima ukazungukwa na mwanga kama mtakatifu kwenye kalenda ya parokia. Nikashusha. Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, sultani ambaye mji huu una jina lake, alikalia kiti mwaka 1896 baada ya vita vya Waingereza na Khalid bin Barghash, vita ambavyo havikumaliza hata saa moja. Mimi na kivuli cha mgunga mmoja tulishaupita muda huo, na hakuna upande uliosalimu amri.

Tena usiku hudanganya. Taa ya chumba ikizimwa, skrini hung'aa peke yake na picha huonekana ina mwanga tele. Ioshe sasa: inatoka makaa. Karatasi haina taa ndani yake, inaomba ya ukuta ilipotundikwa.

Mteja wangu alikuwa shangazi, mwenye lojing kando ya barabara.

"Mwanangu, mbona ulipiga usiku?"

"Ni alfajiri, Shangazi. Tazama theluji."

Akavaa miwani. "Naiona. Sasa si uwashe taa?"

Nikamweleza kwamba huo mwanga mdogo ndio picha yenyewe, na kwamba mchana, kwa vumbi na joto la huku, mlima hauonekani kabisa. Alinisikiliza kwa ile subira anayowapa wauza bima.

"Na huwezi kuusogeza karibu? Wageni wasije wakadhani ni kichuguu."

Nilipokataa, akaipeleka kwa kijana wa saiba. Kijana hana kinyongo na mtu, alifanya kazi kwa moyo wote. Mlima ulisogea mpaka nikahofia barabara. Anga likapata buluu ambayo Mungu hajawahi kuitumia Makueni. Uwaridi wa theluji, nilioulinda kama yai la njiwa wa jirani, ulipauka kwa kidole kimoja. Wakaingia ndovu wawili ambao hawakuwepo, na kivuli cha mmoja kinaelekea kule kule jua linakotoka.

Imetundikwa mapokezi, fremu ya dhahabu. Shangazi amepandisha bei ya vyumba vya kusini, eti vinatazama mlima. Madirisha yake yote yanafungukia ukuta wa karakana ya kuziba pancha. Hajalalamika mgeni hata mmoja: ni madereva, wanaingia usiku, na kabla jua halijatoka wameshafika Emali.