Fungate ya Maji Kupwa

Bwana harusi kaiona Paje kwenye simu: bahari ya feruzi, imejaa hadi mlangoni mwa hoteli. (Mpiga picha mjanja; alikwenda maji yamejaa, akapiga, akaondoka zake.) Akalipia fungate, tena akachagua mwezi mpevu, mambo ya mahaba. Hakuna aliyemwambia kuwa mwezi mpevu ndio bamvua lenyewe. Saa nne asubuhi bibi harusi katoka na vazi la kuogelea, bahari haipo, imekimbilia kule mwambani. Imebaki michanga, vigingi vya mwani na akina mama wameinama kazini.

“Shikamoo mama, bahari iko wapi?”

“Marahaba. Imekupwa, mwanangu. Itarudi alasiri.”

Alasiri wamekwishalipia kwenda Jozani kutazama kima punju.