Mchanga wa Ntahangwa

Kwetu Buyenzi samaki ana kazi moja tu, kuliwa. Mukeke huchomwa, ndagala hukaangwa, sangala hutiwa nyanya. Ndiyo maana siku nilipoingiza nyumbani sanduku la kioo lenye samaki wasiofika urefu wa kidole, mama mkwe alilichungulia, akaniuliza kwa upole: "Baba, hawa utawanenepesha mpaka lini?"

Nikamweleza kuwa ni samaki wa ziwa letu hili hili la Tanganyika, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na kwamba Wazungu huwafuga sebuleni. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha ng'ambo kutoka hapa hapa Bujumbura. Mama mkwe akatafakari. "Na huko nako hawawali?"

Miaka minne ikapita kwa amani, ila mchanga wa chini ukageuka rangi ya ugali wa muhogo uliolala. Usafi ni nusu ya imani, nikajisemea. Nusu ya pili nadhani ni akili, na siku hiyo sikuwa nayo. Mpwa wangu, fundi mwashi, aliniletea nusu toroli ya mchanga wa mto Ntahangwa. Samaki nikawahamishia kwenye beseni la kufulia. Mchanga wa zamani nikaumwaga wote mtaroni, makombe yakiwemo. Nikafungua bomba niuoshe ule mpya. Bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Mchanga ule ulitaka ndoo kumi, nami nilikuwa na moja. Nilipoumimina, sanduku likawa chai ya maziwa. Niliporudi uani nilimkuta mama mkwe amechuchumaa kando ya beseni, mkono mmoja kisu, mwingine ndimu.

Kesho yake matope yalitulia, nikawarudisha. Siku ya tatu wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, kama watoto wa chuoni wakikariri mbele ya maalimu. Hapo ndipo nilipojifunza nilichokimwaga. Taka za samaki hutoa amonia. Bakteria waliojishikiza mchangani huigeuza nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana. Bakteria wangu wa miaka minne walikuwa wameshapita mtaroni. Tena maji ya Tanganyika yana magadi, pH yake inakaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo amonia huzidi ukali. Ilinipasa kubadilisha robo ya mchanga, ningoje wiki kadhaa, ndipo nishike robo nyingine.

Kwa wiki mbili nilibeba bidoni za maji ya ziwa kwa baiskeli, kila siku nabadilisha theluthi. Watoto wa mtaa niliwaajiri kwa maandazi wanitafutie makombe mtaroni. Kati ya kumi na moja tulipata tisa. Moja lilikuwa limeshakuwa taa ya gari la waya.

Dume alilikagua kombe lake, akaingia, akatoka. Kisha akaanza kazi. Anajaza mdomo mchanga, anaogelea hadi pembeni, anautema, anarudi. Mdomo baada ya mdomo, mchana kutwa. Kufika Ijumaa, kioo cha chini kilionekana wazi na mchanga wa Ntahangwa wote umerundikwa kona moja, kama pale ulipomwagwa na toroli.

Uliobaki uko nje, karibu na mlango wetu. Mwenye ujenzi na aje na debe lake, ni bure.