Kelele Tisa Zinazoamua Hatima ya Ini

Watu wa Meru na Embu wanajua kubishana. Anzisha mjadala kuhusu bei ya makadamia, au kuhusu iwapo muguka ni ndugu mdogo wa miraa au ni bwana mkubwa wa heshima zake, na utarudi nyumbani giza limeshaingia. Lakini kuna ubishi mwingine unaoendelea kwa miaka ndani ya miili ya watu wengi, nao wenyewe hawana habari. Ni ubishi kati ya seli za kinga na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi. Shika jambo moja tangu sasa: kwa kawaida virusi vya B vyenyewe haviui seli za ini. Vinaingia, vinazaana, vinatoka. Ini huharibiwa zaidi na askari wetu wenyewe wanapojaribu kuvifukuza. Askari hao hufuata amri, nazo amri ni molekuli ndogo zinazopita kati ya seli na seli: nenda, simama, tulia, ua. Amri zikigongana, ini ndilo linalolipa gharama.

Haya, tuzihesabu kelele za vita hivi na amri zake tukishuka kutoka ya tisa hadi ya kwanza. Wenye haraka wasiruke. Namba moja haina maana bila namba mbili.

9. Chambo cha maganda matupu

Kwa kila kirusi kamili kinachotoka, seli iliyoambukizwa humwaga katika damu maelfu ya maganda matupu yasiyo na mbegu ndani. Kingamwili huyakimbilia hayo, kama kuku waliomwagiwa mtama wakamsahau mwewe. Ganda hilo ndilo antijeni ya uso, ambayo Baruch Blumberg wa Marekani aliigundua katika miaka ya 1960 nayo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Ujanja huo huo ndio unaokiumbua kirusi. Tone moja la damu ya kidole hudondoshwa kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika 15 au 20 unasoma mistari. Mmoja unasema kipimo ni kizima. Ukitokea na wa pili, hata uliofifia, maganda yapo. Embu ni nyumbani kwa mojawapo ya vituo vya kanda vya huduma ya damu nchini, na damu inayochangwa hupimwa homa ya ini B na C, pamoja na UKIMWI na kaswende, kabla haijamfikia mgonjwa.

Asante kwa ushahidi, bwana kirusi. Umejileta mwenyewe.

8. King'ora kisicholia

Mwaka 1957, mjini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walitambua molekuli waliyoiita intaferoni. Hiki ndicho king'ora cha mwili: seli ikivamiwa inawapigia jirani zake kelele wafunge milango. Virusi vya homa ya ini aina ya C hukiliza king'ora hicho kwa nguvu, kisha vinaendelea na shughuli zao vivyo hivyo. Bahati nzuri, aina ya C siku hizi huponywa kwa vidonge vya wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa hupona.

Aina ya B haigusi king'ora. Inaficha jeni zake ndani ya kiini cha seli, zikiwa duara dogo la DNA, na jirani hawasikii kitu. Kati ya kuambukizwa na dalili ya kwanza huweza kupita siku 30 hadi 180, na wengi hawapati dalili yoyote.

Wahenga hawakuwa na maabara, lakini walijua: kimya kingi kina mshindo mkuu.

7. Upole wa seli za Kupffer

Damu inayotoka matumboni hupitia kwenye ini kwanza. Kila sahani ya mukimo, kila bakuli la githeri, huleta vitu vigeni mlangoni. Ini lingepigana na kila kimoja, tungekufa kwa uvimbe kabla ya kumaliza kula. Kwa hiyo seli za Kupffer, walinzi wakazi wa ini, hutoa molekuli ya utulivu iitwayo intalukini 10. Amri yake ni fupi: tulieni.

Kirusi cha B huutumia upole huo vibaya, hasa kwa mtoto. Antijeni nyingine ya kirusi, inayoitwa e, hupenya kondo la nyuma na kuifundisha kinga ya mtoto kwamba huyu ni mwenzetu. Ndiyo maana karibu watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga hubaki na virusi, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Mama mjamzito akipimwa kliniki na kukutwa navyo, anaweza kupewa dawa, na mtoto akachanjwa ndani ya saa 24 za kwanza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone? Kwa mgeni huyu, mwenyeji ndiye anayeugua.

6. Miraa na muguka

Mlijua tutafika hapa. Tuliza moyo, mkulima wa Igembe. Nawe wa Mbeere, rudi uketi. Jani halileti kirusi. Lakini madaktari wa Uingereza, ambako miraa ilipigwa marufuku mwaka 2014, wameeleza kuhusu watafunaji waliofika hospitalini wakiwa na macho ya manjano bila kirusi chochote. Kwa baadhi yao seli za kinga zilikuwa zikilishambulia ini lao wenyewe. Wengine walipoacha kutafuna walipata nafuu, na waliorudia wakaugua tena.

Hilo halimpati kila mtafunaji. Ila mwenye virusi vya B amweleze daktari kiasi anachotafuna, bila aibu na bila kupunguza hesabu.

Hatugusi biashara ya mtu. Tunaomba tu ini lisifunguliwe kesi ya pili ilhali ya kwanza haijasikizwa.

5. PD-1, amri ya "inatosha"

Mwaka 1992 Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto walitambua molekuli iliyoko juu ya seli za kinga na kuiita PD-1. Baadaye ikafahamika kuwa ni breki. Seli T, mmoja wa askari wa kinga, ikipigana miaka mingi hujaa PD-1, na seli za ini huonyesha mwenza wake, PD-L1. Wawili hao wakishikana, askari anamwona adui lakini hampigi tena. Wanasayansi huuita uchovu wa seli T. Honjo alipata Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison, kwa sababu kuzifungua breki za aina hiyo kumeokoa wagonjwa wengi wa saratani.

Kwa homa ya ini wataalamu wanakwenda polepole, maana ukiachilia askari wote kwa mpigo, ini linaweza kuungua. Dawa inayotumika zaidi, tenofovir, ina njia ya busara: inazuia kirusi kujinakili, na kelele zote zinapungua. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika dawa nyingi za ARV.

Askari aliyechoka si msaliti. Mpunguzie kazi.

4. TGF-beta, fundi wa makovu

Ndani ya ini kuna seli zenye umbo la nyota ambazo kazi yake ya amani ni kuhifadhi vitamini A. Vita ikidumu, seli za Kupffer na wenzake hutoa TGF-beta. Nyota wetu husikia amri, humwaga akiba yao na kuanza kusuka kolajeni, nyuzi ngumu za kovu. Kovu juu ya kovu, ini linasinyaa na kukakamaa: hiyo ndiyo sirosisi. Pombe huharakisha kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 20 hadi 30 ya watu wazima wenye maambukizi sugu hupata sirosisi au saratani ya ini.

Ini halina hisia ya maumivu ndani yake, kwa hiyo fundi huyu hufanya kazi bila kumwamsha mwenye nyumba. Tumbo likishajaa maji, amekwisha kujenga ghorofa. Habari njema ni kwamba kwa wengi wanaotumia tenofovir kwa miaka, kovu hupungua.

Fundi anaweza kufukuzwa kazi. Barua yake iandikwe mapema tu.

3. Ukungu unaomnyamazisha mlinzi wa jeni

Teremka kutoka kwenye chai na kahawa hadi Siakago, Kiritiri, au ng'ambo ya pili Tharaka. Joto ni kali, ukame hubana mahindi yakiwa shambani, kisha mvua hunyesha yakiwa yameanikwa chini. Pasua hindi lililonyeshewa: chini ya punje, karibu na gunzi, utaona vumbi la kijani lenye manjano. Ukungu huo huweza kutoa aflatoksini, sumukuvu.

Mwaka 2004, katika Mkoa wa Mashariki wa wakati huo, ambao makao yake makuu yalikuwa mjini Embu, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Wachunguzi walipowapima wagonjwa na majirani wazima, waligundua kwamba wagonjwa walikutwa na antijeni ya uso ya homa ya ini B zaidi ya majirani zao.

Kwa miaka mingi sumukuvu huharibu jeni ya p53, ile inayoamuru seli mbovu isimame au ife. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba aflatoksini peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 3, virusi vya B peke yake zaidi ya mara 7, na vyote viwili pamoja takriban mara 59.

Basi anika juu ya turubai, hifadhi pakavu, na punje zenye ukungu usimpe hata kuku. Hesabu ya 3 na 7 kuzaa 59 hatukufundishwa shuleni, lakini ini linaijua.

2. Seli T za CD8, mashujaa wenye panga

Hawa ndio wakuu wa jukwaa. Seli T za CD8 hutambua seli ya ini yenye kirusi na kuiua. Pia hutoa intaferoni ya aina ya gama, inayoweza kusafisha kirusi bila kuiua seli. Mtu mzima mwenye kinga imara huponea hapa hapa. Lakini zikiwa chache na zikikosea shabaha, huita umati wa seli nyingine zisizojua adui ni nani, nao hupiga hovyo. Seli za ini zikipasuka, kimeng'enya cha ALT humwagika katika damu, na ndicho kinachoonekana kwenye kipimo cha kazi ya ini, LFT.

Ndiyo sababu usiache tenofovir kwa uamuzi wako. Kirusi huchipuka upya, seli za CD8 huamka kwa hasira, na ini linaweza kushindwa ndani ya wiki chache. Anayetumia ARV aulize kuhusu homa ya ini kabla ya kubadilishiwa dawa.

Panga ni zuri mkononi mwa anayejua shamba linaanzia wapi na kuishia wapi.

1. Kumbukumbu iliyoandikwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14

Kelele inayozishinda zote huanza kwa kilio cha mtoto mwenye sindano pajani. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2001, ndani ya chanjo ya pentavalenti. Ndani yake mna lile ganda la namba 9, tupu, lisiloweza kuambukiza. Seli B za kinga hulisoma, hutengeneza kingamwili na kuacha seli za kumbukumbu. Kirusi halisi kikija baadaye hukamatwa kwenye damu kabla ya kuligusa ini. Hapatakuwa na askari mchovu, wala fundi wa makovu, wala panga.

Lakini wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, kitabu chako cha kliniki hakina chanjo hiyo. Nenda kwenye hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, Chogoria, Maua, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uulizie kipimo cha homa ya ini B. Usipokuwa nayo, chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Ukiwa nayo, utafuatiliwa, na walio nyumbani kwako wapimwe na kuchanjwa. Wembe wa kinyozi na kisu cha tohara visishirikiwe, kwani kirusi hiki huishi nje ya mwili kwa angalau siku 7.

Mbishane mnavyotaka kuhusu muguka. Kuhusu kipimo hiki, kata shauri wiki hii.