Uainishaji wa Artigo za Kifaransa kwa Njia ya Samaki

Mwaka 2019 kampuni ya Kifaransa ya Total ilinunua hisa 26.5% za mradi wa gesi wa Afungi, wilayani Palma, Msumbiji. Sisi tuliokwisha kuchoshwa na *o* na *a* za Mreno tukaletewa artigo nyingine, hivyo vijineno vitanguliavyo nomino. Sayansi haikuwa na budi kuzipanga mchangani, kama mvuvi apangavyo samaki wake.

Jamii ya kwanza, *le, la, les*, ni ya kujuana. *Le poisson* ni samaki yule tuliyekwisha kumtaja. Pia ni samaki wote wa duniani, na Mfaransa haoni ajabu. Jamii ya pili, *un, une, des*, ni ya wageni: samaki ndiyo kwanza anaibuka. Ya tatu, *du* na *de la*, ndiyo yenye miiba. Hapo samaki amekuwa kitoweo, hana tena kichwa wala hesabu. *Un poisson* yumo demani, *du poisson* yumo sahanini. Ukisema kwamba humli, *du* inanywea na kuwa *de*. Ukisema kwamba humpendi, *le* haitikisiki hata kidogo.

Kwetu samaki ni samaki. Lakini tusijidharau, kazi hiyo tumekitwika kitenzi. "Nimeona kisu" ni kisu chochote. "Nimekiona kisu" ni kile ulichokuwa ukikitafuta tangu asubuhi. Hiyo *ki* ndiyo *le* yetu, imejibanza tumboni mwa kitenzi.

Jamii ya nne ni ya zilizomezwa. Wamalagasi, majirani zetu wa ng'ambo, walipokea *du vin* wakaifanya *divay*, *du beurre* ikawa *dibera*, *l'hôpital* ikawa *lopitaly*: dagaa na kichwa chake. Tusiwacheke, alasiri na Alhamisi zetu bado zina *al* ya Mwarabu. Mreno naye husema *o algodão*, pamba moja kwa artigo mbili, ya Mwarabu na yake. Mfaransa, kwa *coton*, *al* aliiacha njiani.

Zimebaki za mahali. Mkoa wetu una Mocímboa mbili: *da Praia*, kwa kuwa ufuo ni wa kike, na *do Rovuma*, kwa kuwa mto ni wa kiume. Aliyeko Ibo yuko *no Ibo*, na artigo yake. Aliyeko Palma yuko *em Palma*, hana. Jamii hii bado sijaipa jina.