Kulisifu Gari Lililo Juu ya Mawe

Magari mazima yamesifiwa ya kutosha. Yana matangazo redioni, yana mabango barabarani, na wenye nayo hawaishiwi na maneno. Mimi nalisemea gari lisilo na msemaji: gari la spoti la zamani lililo juu ya mawe uani, magurudumu yamevuliwa, boneti wazi, na chini yake imejitokeza miguu ya mwenye gari, ambaye si fundi na hakuwahi kusomea ufundi. Na nisije nikaambiwa nasifu hewa, nalitaja kwa jina: Datsun 240Z. Dai langu ni kwamba gari hili lina manufaa zaidi likiwa limesimama.

Kwanza ukoo wake. Nissan ililitoa mwishoni mwa 1969, likiwa na silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa injini wa sentimita 2,393 za ujazo, kabureta mbili, na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Kwao Japani liliitwa Fairlady. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo Marekani, hakulitaka jina hilo hata kulisikia, na huko likauzwa kwa namba na herufi yake tu, kwa bei ya dola 3,526. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua kwa mambo mengine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na Shekhar Mehta akawafuata wa pili akiwa na gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Mehta mwenyewe, pamoja na Lofty Drews, tena baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine. Hadi leo ukilitaja gari hili mbele ya mzee wa Nairobi mwenye kumbukumbu nzuri, andaa kiti.

Wanaolijua kwa sifa hizo hudhani kwamba gari lililoshinda Safari haliwezi kumsumbua mtu mjini. Wanasahau kwamba Safari ilikuwa ya siku chache za Pasaka, na njiani palikuwa na mafundi wakisubiri na spea. Mwenye 240Z leo anashiriki mashindano marefu kuliko yale. Fundi ni yeye, msimamizi ni yeye, mdhamini ni mshahara wake, na msaidizi ni mtoto wa jirani anayeshika tochi na kumulika kila mahali isipokuwa penye bolti.

Nianze na kutu, kwa kuwa kutu ndiyo iliyoanza. Kwenye gari hili haikai ovyo, ina makazi yake rasmi. Hukaa chini ya betri, ambako tindikali hudondokea bati. Hukaa sakafuni, chini ya zulia, inakolindwa na giza. Hukaa mbele ya magurudumu ya nyuma, pale matope na maji hunasa yasitoke, na kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Watu wa mashindano hutoa fedha nyingi kupunguza uzito wa gari. Kutu hupunguza usiku na mchana, haina likizo, na haidai hata chai. Kwa mkazi wa Mombasa hewa ya bahari huiongezea kutu kasi bila gharama yoyote. Zaidi ya hayo, kutu humpa mtu elimu. Bila kutu, ni mhasibu gani angejua kuchomelea? Kiraka chake cha kwanza huungua na kuacha tundu kubwa kuliko lile alilokusudia kuziba. Huko ndiko kusoma.

Lakini kutu ina kazi moja iliyoifanya kwa ustadi kupita zote, nayo inastahili sifa zake peke yake. Ni pini ya nyuma. Chini ya kila shokapu ya nyuma kuna chuma kinene kilichotobolewa, na ndani yake inapita pini ndefu yenye nyuzi ncha zote mbili, ikiunganisha shokapu hiyo na mkono wa chini kupitia bushi mbili za raba. Katikati imebanwa na kabari ndogo ya chuma isizunguke. Bushi zikichakaa, nyuma ya gari huanza kuyumba, na mwenye gari husoma mahali kwamba bushi mpya za plastiki ngumu zitalifanya lishike kona kama lilivyozaliwa. Anafungua kitabu cha gereji. Kitabu kinasema: ondoa kabari, fungua nati, toa pini.

Kitabu hicho kilizungumzia pini ya 1970. Pini ya leo imeishi miaka hamsini ndani ya vyuma vya bushi, na ndoa yao haina kadhi wa kuivunja. Ukiigonga kwa nyundo, ncha yake inatanuka, na ikishatanuka haiwezi tena kupita kwenye tundu hata ikitaka. Ukiipasha moto, raba ya bushi inawaka kwanza, na moshi mweusi unautangazia mtaa mzima kwamba leo kuna kazi. Basi inaletwa dizeli, yanaletwa mafuta taa, yanaletwa mafuta ya breki, kila kimiminika kinaachwa kilale usiku, na asubuhi pini iko palepale, safi na inang'aa kwa kuoshwa.

Hapo ndipo baraka zinapoanza. Baba mkwe, ambaye hajakanyaga ua huo tangu siku ya posa, anakuja na nyundo kubwa zaidi. Shemeji anakuja na maoni. Mtu wa nyumba ya nne, ambaye mlikuwa mkisalimiana kwa honi tu, anakumbuka kwamba ana kipande cha bomba nene na nati kubwa, na kwamba vikiunganishwa na bolti ndefu vinaweza kuivuta pini badala ya kuisukuma. Na kweli, wenye magari haya kote duniani wamejitengenezea kifaa cha namna hiyo, na wanaazimana. Hakina matumizi mengine chini ya jua. Ukikiona kwenye boksi la spana la mtu, umeshajua historia yake yote, na huna haja ya kumuuliza lolote.

Kuna wanaokata tamaa wakaamua kununua pini mpya na kuikata ile ya zamani kwa msumeno. Hao huenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan.

"Mzee, ni ya gari gani?"

"Datsun."

"Ile pikapu?"

"Hapana. Ya spoti, milango miwili."

Muuzaji anamtazama kwa huruma, halafu anatoa hukumu inayotolewa na kila duka la spea: "Leta sampuli."

Sampuli ndiyo hiyo iliyogoma kutoka. Na nisisahau kusema kwamba gari lina pini mbili, moja kila upande, ili furaha isiishe mapema.

Injini nayo ina ukarimu wake. Ukitaka kuvua hedi, tuseme kwa sababu gaskiti imeungua, lazima kwanza uchonge kabari ya mbao na kuishindilia katikati ya cheni ya taimingi, ili cheni isilegee. Injini iliyoshinda Safari, yenye hedi ya alumini na shafti ya kemu juu yake, inategemea kipande cha mti ulichokata kwenye fremu ya kitanda kibovu. Usipokiweka, kikaza cheni kinaruka kutoka mahali pake na kuingia asikofika mtu, na ili kukirudisha inabidi ufungue pulei, uvue kifuniko chote cha mbele, na uguse hadi karai la oili. Mtu aliyekusudia kubadilisha gaskiti moja anajikuta ameijua nusu ya injini. Vyuo hutoza ada kwa mafunzo mafupi kuliko hayo.

Sasa maboresho, maana mwenye gari la aina hii hatosheki kurudisha kilichoharibika. Anataka gari liwe bora kuliko lilivyotoka kiwandani, na hapa Datsun hutoa somo la unyenyekevu. Boresho mashuhuri la breki zake za mbele ni kufunga kaliba za Toyota Hilux ya magurudumu manne ya kuvuta, zile za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zina pistoni nne badala ya mbili, na zinaingia kwenye matundu yaleyale ya bolti ukishakunja au kukata kidogo bati la kukingia vumbi. Yaani gari lililopigwa picha na dunia nzima linaomba breki kwa gari linalobeba kabichi na mbuzi. Halioni haya, na hilo nalisifu bila mzaha wowote. Ukishafunga kaliba hizo, pedali inashuka chini zaidi, kwa hiyo silinda kuu ya breki nayo inataka kubadilishwa iwe pana zaidi. Kila boresho huja na mgeni wake, na mgeni huyo huja na mizigo.

Upande wa umeme ni hivyohivyo. Moto wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, swichi ikapata joto, na sanduku la fyuzi likageuka rangi ya kahawia. Anayeongeza rilei mbili na waya mnene anapata taa zinazoona barabara kwa mara ya kwanza, na zinamwonyesha mashimo aliyokuwa akiyapita kwa amani. Pointi za distributa, ambazo mwanya wake ni kama nusu milimita na hutaka kukaguliwa kila mara, huondolewa na kuwekwa distributa ya elektroniki kutoka kwa mdogo wake, 280ZX. Inaingia vizuri. Ila waya za plagi zikirudishwa nje ya mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, injini hupiga chafya kupitia kabureta, na nyusi za anayeichungulia ndizo hulipa.

Nimezitaja kabureta, na sitaki kuzipita kwa haraka. Ni mbili, na lazima zivute hewa sawasawa. Vipo vipimo vya kununua, lakini njia ya kale ni kuchukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, na kusikiliza mvumo wa hii na wa ile hadi ulingane. Mtu mzima aliyepiga magoti mbele ya boneti, mpira sikioni, amefumba macho, watoto wakimwangalia kutoka ukutani: nani ataniambia kwamba gari jipya linaweza kumpa mtu heshima hiyo? Skrubu za kabureta hizi zina msalaba wa Kijapani, ambao bisibisi ya msalaba ya kawaida huuingia, huteleza, na kuusaga ukawa duara. Na magari ya 1973 yaliyopelekwa Marekani yalipewa kabureta mpya za kupunguza moshi, zilizochukiwa kiasi kwamba boresho la kwanza la wenye nayo ni kuzitupa na kurudisha za miaka ya nyuma. Sijui gari jingine ambalo maendeleo yake ni kurudi lilikotoka, na bado watu wanapongezana.

Sifa moja imenishinda kuitetea. Raba za mlango wa nyuma na za taa za nyuma zikikauka, moshi wa ekzosi hugeuka na kuingia ndani, na dereva hufika akinuka petroli na kichwa kikimuuma. Moshi huo una sumu. Raba hizo zibadilishwe leo, na mzaha usimame hapo.

Watu wa hesabu watauliza gharama. Katikati ya miaka ya 1990, Nissan yenyewe ilianzisha Marekani mradi wa kununua 240Z kuukuu, kuzifumua hadi bati, kuzirudisha upya na kuziuza. Walikusudia mia mbili, hawakufika hata hamsini. Kampuni iliyolichora gari hili, yenye michoro, spea na mafundi wake, ilitazama hesabu ikafunga daftari. Mwenye gari letu ana jeki, kopo la grisi na Jumamosi, na anaendelea. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 gari moja la aina hii liliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola 310,000. Watu walishangilia. Mimi namhurumia mnunuzi. Gari la bei hiyo nani atathubutu kuligonga nyundo? Hatamjua kamwe mtu wa nyumba ya nne.

Limebaki jambo la giaboksi. Magari mengi yaliyouzwa Marekani yalikuwa na gia nne, na boresho linalotamaniwa ni kufunga giaboksi ya gia tano ya 280ZX. Inakaa vizuri kwenye injini. Taabu ni kwamba gia ndogo inayoendesha kebo ya spidomita lazima ilingane na difu ya gari lako, na kama hailingani, mshale unadanganya: unaonyesha themanini na wewe uko sabini, au kinyume chake. Wenye magari yanayotembea hulalamika sana kuhusu jambo hili. Gari lililo juu ya mawe halina malalamiko hayo. Mshale wake uko kwenye sifuri, na trafiki yeyote mwenye kifaa chake anakaribishwa uani kuhakikisha.