Sura ya Mazoezi

Mpwa wangu alipoingia chuo kusomea usanifu wa picha, wenzake walitafuta modo wenye shingo ndefu na ngozi ya matangazo. Yeye akanitafuta mimi. Sababu alizitaja mbele ya mke wangu bila haya: Mjomba yupo nyumbani, Mjomba halipwi, na Mjomba akiambiwa atabasamu anatabasamu hata kama haelewi kwa nini. Basi mafunzo yake yote ya kubuni majalada ya majarida yamepita usoni pangu.

Alianza na picha yangu ya harusi ya shemeji, niliyomtumia kwa WhatsApp. Kwenye simu nilipendeza kuliko bwana harusi. Lakini WhatsApp hubana picha ili ipite haraka, na ukurasa wa A4, ukitaka utoke safi kwa nukta 300 kila inchi, unadai pikseli 2,480 kwa 3,508. Yangu haikukaribia. Duka la kuchapa kule Kariakoo likanitoa na uso wa vimraba kama mkeka wa ukili, na dada yangu akauliza nimefanya kosa gani mpaka nifichwe sura.

Picha ikaja kuwa safi, rangi zikagoma. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino. Kuna buluu kali ambazo wino hauzifikii, zikitua karatasini zinageuka zambarau. Shati langu likageuka. Mzee wa kanisa mwenzangu akanisifu kwa kuvaa rangi ya Kwaresima mapema. Baada ya hapo likaja somo la kukata: picha ivuke mpaka wa ukurasa kwa milimita 3, na vitu vya maana vikae mbali na ukingo. Sikio langu la kushoto, inaonekana, halikuhesabiwa miongoni mwa vitu vya maana. Lilibaki kwenye pipa la vipande.

Ndipo akaanza kusoma majalada ya wakubwa, na wakubwa wakampa jeuri. Akaona kwamba Time huacha kichwa cha mtu kizibe herufi za jina la jarida, maana msomaji atalijua tu, hata kwa ule ukingo mwekundu ulioanza 1927. Jarida lake la zoezi liliitwa BIASHARA. Kichwa changu, ambacho si kidogo, akakipanga kulia. Kikameza SHARA. Kundi la ukoo likapokea jalada la mzee wa kanisa anayetabasamu chini ya neno BIA, na pembeni pameandikwa "Siri ya Mafanikio Yangu". Shangazi alipiga simu kutoka Moshi kuuliza nimeanza lini.

Alipoanza kulipunguza tumbo langu kwenye kompyuta nilipinga, nikisema huo ni uongo. Akanijibu kwamba National Geographic, toleo la Februari 1982, walizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la wima. "Mjomba, kama piramidi zilisogea, tumbo lako ni nani?" Najua jarida lile lililaumiwa sana kwa kitendo hicho. Sikumwambia. Tumbo lilikuwa limependeza.

Mpaka hapo alikuwa anapamba tu. Aliyemtia wazimu wa kufikiri ni George Lois, yule aliyebuni jalada la Esquire la Aprili 1968: Muhammad Ali, aliyenyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam, amesimama na bukta nyeupe, mwili umechomwa mishale, kwa mfano wa Mtakatifu Sebastiano. Mpwa wangu akarudi nyumbani na gundi na vijiti vya mishikaki.

Wazo lilikuwa zuri, siwezi kumnyima haki yake. Mfanyabiashara mdogo amechomwa na leseni, ushuru, pango la fremu na riba ya kikoba, kila kijiti na kibendera chake. Nikasimama sebuleni kifua wazi, macho darini, kibendera cha riba kikining'inia karibu na kitovu. Mjumbe wa mtaa akapiga hodi, na kabla hatujamkaribisha akawa ameshaingia. Alifuata hela ya taka. Akanitazama. Akavisoma vibendera kimoja kimoja.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Nitapita mwisho wa mwezi."

Mpwa wangu aliruka kwa furaha. Mimi pia, kwa kadiri gundi ilivyoruhusu.

Muhula ulipoisha alileta kazi ya kufungia. Mlango wa fremu, kufuli, na kibao chenye maneno matatu: "Tumefunga. Karibu tena." Basi. Buluu ya mlango ilikuwa buluu, na BIASHARA ilisomeka herufi zote nane. Sisi tuliokulia na kina Lodi Lofa wa jarida la Sani tunapenda jalada lituchekeshe kabla hatujatoa hela, lakini hili lilininyamazisha.

"Na mimi niko wapi?"

"Mjomba, mkufunzi anasema jalada linakamilika ukiondoa kila kisichohitajika."

Mke wangu akakohoa kwa makusudi.

"Ila geuza nyuma."

Nikageuza. Nilikuwepo, ukurasa mzima, kwenye tangazo la dawa ya minyoo, masikio yote mawili, mikono imeshika tumbo. Na tumbo, safari hii, hakulisogeza hata milimita moja.