Bezimenti Imekwisha

Shemeji aliponipigia simu Tanga kunijulisha kwamba bezimenti ya nyumba yao kule Minneapolis "imekwisha," nilimpa pole. Nilidhani imebomoka. Kumbe imekwisha kutengenezwa: kuta zimezibwa kwa jasi, chini zulia, juu taa za duara, na kitanda kinaningoja mimi.

Huu mwaka wa pili naishi ardhini kama kiazi kikuu, na nina neno.

Tanuri la gesi la kupasha joto nyumba nzima liko huku huku chini. Mimi nalo tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Ungesema anayelala jikoni hafi njaa. Lakini kidude kinacholiamuru, themostati, kimebandikwa sebuleni juu, karibu na kochi la shemeji. Januari, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, tanuri linaunguruma, sebule inafika nyuzi 21, themostati inaona inatosha, tanuri kimya. Mimi huku niko 15. Yaani daktari anapima homa jirani wa mgonjwa.

Nilipolalamika, shemeji alinipa soksi.

Nikajinunulia hita ya umeme ya wati 1,500. Jumamosi moja saa mbili asubuhi, Simba na Yanga wako uwanjani Dar, dada akachomeka pasi huko juu. Nani aliniambia kwamba soketi yangu na za sebuleni ni laini moja, na laini yenyewe haibebi zaidi ya wati 1,800? Televisheni ilizimika mpira ukiwa kwenye kona. Hita sasa iko stoo, na shemeji alininunia wiki nzima, ingawa timu yake naijua, isingefunga.

Fundi alipokuja kukagua tanuri, nilimvuta chumbani. Akatazama dari, akacheka. Matundu yanayoleta hewa moto yako darini. Tundu la kuirudisha kwenye tanuri nalo liko darini, hatua nne tu kutoka hapo. Hewa moto ni nyepesi, haina haja ya kushuka kunisalimia. Inatoka, inapapasa dari, inarudi zake. Buibui wangu wa juu wanaishi Zanzibar. Fundi akashauri tundu la kurudishia lishushwe hadi usawa wa zulia, livute ubaridi uliolala pale, na feni ya tanuri iachwe izunguke hata moto ukizimika, ili hewa ichanganyike. Shemeji akauliza bei, akasema atafikiri. Anafikiri mpaka leo.

Nikajipa moyo kwamba Julai inakuja. Ikaja. Huko juu jua likachoma paa, dada akawa anajipepea kwa sahani, themostati ikaagiza ubaridi. Na hewa baridi, bwana, ni nzito! Imeteremka kwa ngazi, imemwagika kwa matundu yale yale ya darini ambayo Januari yalininyima, na huku haikupata pa kutokea. Sebule haipoi upesi, basi mashine haizimi, na mimi najazwa tu kama friji la samaki.

Juzi mama kanipigia kwa video. Akaniona na sweta, soksi za shemeji, na kikoi nimejitanda kichwani.

"Mwanangu, una homa?"

Nikamwomba asubiri, nitoke nje niote jua kwanza, meno yaache kugongana.